Ng'ombe wa Shimoni

Mimi ni mwoga tangu utotoni. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa mbwa wa watu. Lakini hofu iliyonipata mwaka juzi sikuwahi kuijua, kwa sababu niliipika mwenyewe na kuipakua kwa mikono yangu.

Nilianza kwa nia njema. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau chumvi kwenye mboga, baadaye akasahau kwamba babu alikwisha kufa, akawa anamtengea ugali wake pembeni na kukasirika akichelewa. Bibi alikuwa anaishi kwa baba mdogo, kijijini Kenyamonta. Mimi nafundisha shule ya msingi Issenye, na kila Jumamosi nilikuwa napanda bodaboda kwenda kumwona. Njia nzima moyo ulinidunda: je, leo atanitambua?

"Mke mwenzangu, umekuja!" alikuwa akisema nikifika mlangoni, utani uleule aliokuwa akinitania tangu nikiwa sijui kuvaa viatu. Hapo ndipo pumzi ilinishuka.

Huyu bibi si wa huku. Alizaliwa kisiwani, katika Ziwa Victoria, mbele ya Ukerewe. Babu alimkuta Musoma kwa shangazi yake, akamleta huku kwa wafugaji akiwa msichana, na hakurudi tena kwao. Sisi wajukuu hatujui hata namna ya kusalimia kwa lugha yake. Nikawa nawaza kwamba siku akifumba macho, kile kisiwa chetu nacho ndiyo basi. Wazo hilo lilinitisha kuliko kifo chenyewe. Nikaanza kumrekodi kwa simu, asubuhi asubuhi, yeye anapembua mtama jikoni na mimi nimekaa kwenye kigoda.

Alinisimulia mengi. Kisiwani kwao kila mti una mwenyewe, hata ukiwa umesimama kwenye shamba la mtu mwingine, na mtoto akiokota tawi lililoanguka bila kuomba, baba yake anaitwa kwa wazee. Wanawake waliamka na kubeba mbolea kichwani kwa vikapu mpaka shambani, maana ardhi ilikuwa ndogo na bila mbolea haitoi kitu. Alisema walimchapa mara moja tu maishani, kwa kosa la kumwaga kikapu cha mbolea njiani. Nilicheka sana. Mtu anachapwa kwa ajili ya samadi!

Halafu Jumamosi moja akasema hivi, na maneno yake nayakumbuka yote: "Ng'ombe wangu yuko shimoni, humu ndani ya nyumba. Hatoki. Majani namkatia mimi. Jua halioni mpaka siku ya kuchinjwa."

Wakati huo bibi alikuwa amekwisha kuanza kuchanganya jana na leo. Mahali pa kusema "alikuwa" alisema "yuko." Mimi mwalimu wa Kiswahili nilipaswa kuisikia hiyo kasoro. Lakini mimi pia ni mtoto wa wafugaji. Kwetu ng'ombe anatoka asubuhi, watu wanamwona, wanamsifu kwa rangi yake, mwenye zizi anasimama getini kifua mbele. Ng'ombe wa shimoni, ndani ya nyumba? Nikaona bibi ameanza kuweweseka. Nikaituma ile sauti kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na chini yake nikaandika, "Bibi kaanza ufugaji wa kisasa," na emoji za kucheka nyingi. Wote wakacheka. Mmoja akaituma kwingine, naye wa kwingine akaituma mbele.

Haukupita mwezi, jirani wa baba mdogo akafiwa na ng'ombe watatu katika wiki moja. Bwana mifugo alisema ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Watu walimsikiliza, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakarudi kwenye simu zao kusikiliza sauti ya bibi. Maana kwa akili ya huku, ng'ombe aliyekufa ghafla huenda hakufa. Huenda kuna mtu kamchukua kwa uchawi, kamficha, anamlisha mahali ambapo jua halimfikii. Na bibi siku hizo alikuwa ametoa mundu wake wa zamani darini, kila asubuhi anakwenda kukata majani, anayaleta mzigo mzima na kuyaweka kwenye kona ya chumba chake. Nilikuwa nimeyaona majani yale. Nilidhani ni uzee tu.

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa darasani. "Njoo," alisema. "Njoo kesho mapema, na usije na maneno mengi."

Kesho yake, Jumamosi, jirani alikuja na wanaume watano. Ni mtu mzima, amekula kwa bibi tangu utoto wake. Aliinama kidogo. "Shikamoo, mama." Bibi akaitikia marahaba, akamuuliza habari za watoto. Adabu ile ndiyo iliyonitisha. Mtu anayefoka unaweza kumtuliza.

"Mura," jirani akamwambia baba mdogo, kama wanaume wa huku wanavyoitana, "sisi hatuna ugomvi. Tunataka kuliona hilo shimo."

"Hakuna shimo humu."

"Lisemwalo lipo. Na hili kasema mwenyewe." Akatoa simu mfukoni, akabonyeza. Sauti ya bibi ikatoka pale uani, mbele ya kuku na mbele ya bibi mwenyewe: ng'ombe wangu yuko shimoni. Na mwishoni kabisa, waziwazi, kicheko changu.

"Jumatatu tunakuja na majembe," alisema.

Sihitaji kueleza mambo kama haya huishia wapi kwa bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi. Kila mtu wa huku anajua. Baba mdogo hakunitazama.

Nilichokumbuka ni mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mugumu. Zamani bibi akipelekwa sokoni alikuwa hakubali kuondoka kabla hajapita kwake, wakasalimiana kwa lugha yao na kupigana vibao vya mabega. Jumapili nikamfuata. Nilimpa simu asikilize. Aliweka chini kopo lake la kupimia, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa kinachokuchekesha hapa ni nini?"

Nikamwambia yote, nikilia kama mtoto.

"Huyu anasema mambo ya kwetu," akasema. "Kisiwa kile ni kidogo, utachungia wapi? Ng'ombe tunamchimbia shimo ndani ya nyumba, tunamletea majani, tunatandika majani, analala humo. Shimo likiwa jipya unaona pembe tu. Likianza kujaa mbolea, anapanda, anapanda, mpaka mnatazamana macho kwa macho. Ndipo tunazoa na kupeleka shambani. Hata mimi nimekua na ng'ombe wa shimoni." Akafunika dagaa zake. "Kesho nakwenda nawe."

Jumatatu bodaboda ilitutobokea tairi njiani, tukachelewa. Tulipofika uani pamejaa watu, na ndani ya chumba cha bibi majembe yanalia. Walikuwa wameondoa kitanda na kuchimba sakafu ya udongo mpaka usawa wa kiuno. Hapakuwa na kitu. Jirani alikuwa anatoka jasho, na nilimwona anaogopa kama mimi.

Bibi alikuwa amesimama ukingoni. Akalitazama lile shimo, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu babu afe.

"Mmelichimba vizuri," akawaambia. "Sasa mleteni."

Akachukua mzigo wa majani kwenye kona, akayatawanya sawasawa shimoni. Wanaume wakarudi nyuma hadi ukutani. Mmoja alikuwa amelishika jembe kwa mikono miwili, limeinuka. Nasema ukweli, sikufanya chochote.

Mama wa dagaa akanipita, akamwita bibi kwa lugha yao. Bibi akageuka, akajibu. Yule akauliza jambo, bibi akaonyesha kwa mkono usawa wa kidevu, wakacheka wote wawili, wakapigana kibao cha bega. Kisha mama akawageukia wanaume na kuwaeleza taratibu, kama alivyonieleza mimi: kisiwa, majani, mbolea, pembe zinazopanda.

Jirani, mfugaji hata akiwa na hofu, akauliza, "Na maziwa anatoa?"

"Kuwashinda wa kwenu," mama akamjibu.

Mtu akacheka, jembe likashuka. Jirani alimwomba bibi msamaha kwa kuinama, akafukia lile shimo mwenyewe. Bibi alisimama mlangoni akiangalia udongo ukirudi juu ya majani yake. Baba mdogo alichukua mundu akauficha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema. Nilikuwa nimeandika maswali kwenye daftari: ng'ombe aliitwaje, nani alimchimbia shimo, alitolewaje siku ya mwisho. Nikakaa kwenye kigoda, nikatoa simu, nikaiweka kwenye goti. Bibi akaacha kupembua. Akaitazama simu muda mrefu.

"Bibi," nikasema, "niambie habari za ng'ombe wa shimoni."

"Mimi sina ng'ombe," akasema. "Sijawahi kuwa na ng'ombe, mwalimu."