Mbwa Mwitu Anayerudi Mpinini

Wewe uliyezoea kisu cha vitunguu, tulia ufundishwe. Pale Solingen, mji wa Ujerumani, mafundi wa panga walichonga mbwa mwitu kwenye bapa, mikato michache tu ya tindo, wakaijaza shaba ya manjano. Alama yenyewe waliwaibia watu wa mji wa Passau, na wizi ukizeeka huitwa mila. Mbwa huyo hukimbilia nchani, kwa adui. Siku zote.

Walburga Hasselkus alizijua alama hizo kama mama anavyojua vilio vya wanawe. Aliletewa panga za kila namna azitambue, hakukataa hata kutu tupu. Majirani wakasema anapenda sifa. Thubutu! Alikuwa akimtafuta kaka yake Rütger, fundi shoto, aliyekwenda vitani akapotea, jeshi lisiseme yu hai wala amekufa. Siku ya kuagana, stesheni, Walburga alimwambia: "Mbwa wako wote wanakwenda tu. Ukipona huko, nichongee mmoja anayerudi."

Miaka ikaenda, nywele zikageuka mvi. Asubuhi moja akaingia Lüttgenau, mchuuzi wa vitu vya kale, akalaza upanga kando ya mkate wake.

"Bi Walburga, leo utaniamkia. Upanga huu una karne tatu. Na tazama, mbwa wake anakimbilia mpinini. Hana mwenzake duniani."

Walburga akaweka kikombe chini. Mikato ya mgongo ilianzia mkiani, kama achongavyo shoto. Akalilamba bapa. Siki na chumvi: kutu ya kupika ili upanga uonekane wa kale, tena kwa mapishi ya baba yao.

"Njaa hiyo, bibi, au nini?"

"Upanga huu ni mpya."

"Macho yako yamechoka. Nani siku hizi achonge mbwa kinyume?"

"Niliuagiza mimi."

Lüttgenau akacheka, akaona anacheka peke yake.

"Umeutoa wapi?" Walburga akauliza.

"Passau, kwa mjane mmoja. Mumewe kafa majira ya baridi yaliyopita. Mikasi yote ya nyumba ile ni ya shoto, mama wa watu vidole vimemtoka malengelenge."

Walburga akampapasa mbwa kwa kidole. Alikuwa ameomba kaka yake awe hai. Basi, miaka yote hiyo alikuwa hai, mwendo wa treni ya siku moja, ana mke na mikasi.

Mchuuzi akauacha upanga palepale. Mpya haukumfaa kitu.

Mpaka leo uko juu ya meza ya Walburga, ncha imeelekea mlangoni, ili mbwa akimbie kuingia ndani. Wageni wa kahawa husikia kucha zikigonga mbao za ukumbini, wakatazamana. Ukibisha, nenda ukanywe kahawa yake. Yeye hainui kichwa. Humsogezea kiti asiyeonekana, akamkatia mkate, akaweka kisu upande wa kushoto.

"Kula," husema. "Ila usinieleze ulikuwa wapi."