Mashine Iliyokosa Pa Kuandikia

Binti yangu huandika programu za mashine za hospitali. Mimi shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na marehemu mama yake.

Jumamosi asubuhi alikuja na mashine ya kuhesabu pumzi za mgonjwa, akaitua juu ya cherehani ya marehemu. Jumatatu ilitakiwa wodini. Tatizo, ikifanya kazi kwa muda wa saa tatu inaganda.

"Ikiganda, baba, hata kengele hailii. Mgonjwa anakata pumzi, watu hawana habari."

Chai yake ikapoa. Na yangu.

Nikamwuliza inagandaje. Kila pumzi, akasema, programu inaomba chumba ndani ya mashine, inaandika hesabu, inakirudisha. Pumzi ikisomeka vibaya inatoka mbio bila kukirudisha, na anwani ya chumba imeitupa, hakipatikani tena. Vyumba vinaisha, mashine inakosa pa kuandikia.

"Si ukirudishe mapema?"

"Nimerudisha. Sasa tazama."

Skrini ilisema pumzi mia tisa kwa dakika.

"Hata kuku anayefukuzwa hafiki hapo."

Alicheka kidogo, akarudi kung'ata kucha.

Saa sita nikapiga namba ya marehemu, kama kila siku. Miezi minane ilikuwa haipatikani. Siku hiyo akapokea mwanamume.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Nikakata. Nikaitazama namba: ilikuwa ile ile.

"Baba, bado unampigia mama?"

"Kapokea mwanamume."

"Namba wameshampa mtu mwingine, baba." Akanishika bega. Halafu mkono ukatulia hapo hapo. "Subiri. Skrini! Chumba nimekirudisha, skrini bado imeshika anwani. Inasoma vitu vya mpangaji mpya!"

Akaandika upya: skrini isome kwanza, ifute anwani, ndipo chumba kirudishwe. Na pumzi mbovu nayo irudishe chumba chake kabla ya kutoka.

Akaiwasha saa saba. Saa kumi tulikuwa tumesimama mbele yake kama tunangoja daktari atoke. Ikapita bila kuganda. Jumapili ikashinda inahesabu. Hakuiamini. Wala mimi.

Jumatatu akaibeba. Kutwa sikuweka simu mbali na mkono, na kila ilipolia alikuwa mtu mwingine. Jioni ndipo akapiga yeye.

"Bado inahesabu, baba."

"Kafungiwa nani?"

"Bibi mmoja. Kitanda cha dirishani."

Marehemu naye alilala hicho hicho.

"Kesho nipigie tena," nikamwambia. "Saa sita."