Fuko wa Shambani kwa Bi Zainabu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo aliniuliza kama najua kunyamaza. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kazi yetu ilikuwa kupambana na wanyama waharibifu wa mazao, na bwana huyo alikuwa bingwa wa fuko.

"Macho yake si kitu," alisema, "lakini ukikanyaga tu, anajua. Anachimba kwa meno, binti, si kwa kucha. Midomo yake hufunga nyuma ya meno, ndiyo maana hali udongo."

Nilipangiwa Kisaki, kisha nikahamishiwa milimani Uluguru, chini ya Bwana Mkaguzi asiyependa kupanda milima. Huko nikamkuta Bi Zainabu, mjane aliyelima viazi kwenye matuta ya ngazi mteremkoni. Majani yalikuwa mabichi, lakini ukivuta shina, linakuja tupu, fuko ameshakula viazi. Shamba hilo ndilo lililowalisha yeye na wajukuu wake.

Majirani walikuwa wamemsaidia kwa kuelekeza maji ya mfereji kwenye tundu la fuko. Lakini fuko ana njia nyingi, na akiona maji huziba kwa udongo nyuma yake. Maji yakapita chini kwa chini yakabomoa ngazi nzima. Fuko akabaki mkavu. Bwana Mkaguzi akatuma salamu kwamba mama aliache shamba. Nilikasirika sana.

"Shikamoo, mama. Unahama?"

"Marahaba, mwanangu. Nihamie wapi?"

Basi tukaanza. Fuko havumilii upepo ndani ya njia yake. Ukiitoboa, atakuja kuiziba. Tulitoboa, tukatega kitanzi cha waya kwenye ufito uliopindwa, tukatulia. Bi Zainabu, asiyenyamaza hata akila, alijiziba mdomo kwa khanga. Udongo ukatikisika, ufito ukafyatuka. Tukaenda hivyo njia kwa njia, msimu mzima, mpaka akavuna.

Sasa nimestaafu, niko Mafiga, na magoti yananisumbua. Vijana huniuliza siri ya kazi. Hakuna siri. Fuko ukimtobolea, anaziba. Ukimtobolea tena, anaziba tena. Nimewaua wengi, lakini nawaheshimu, maana ukaidi wangu nilijifunza kwao.

Juzi simu ikaita. Alikuwa Bi Zainabu.

"Mwanangu, karudi. Yuko ngazi ya juu."

"Mama, mimi nimestaafu."

"Wewe umestaafu. Na fuko naye kastaafu?"

Nikamwambia asimruhusu mtu yeyote kukanyaga ngazi ile mpaka nifike.