Mtaimbo Uliokataa Kukatika

Mpaka leo nikisikia nyundo ikilia mahali, naziba masikio. Nilimchukia akida, nikamchukia Mdachi aliyemtuma, na kuna siku nilimchukia hata mume wangu, mhunzi wa huku Matombo, kwa kiburi chake.

Akida alipanda mlimani kwetu na amri: wanaume washuke Morogoro kuvunja mawe ya reli. Mume wangu akaomba abaki na fuawe yake ya kufulia chuma. Akida akacheka.

"Nifulie mtaimbo wa kung'olea mawe. Ukihimili mawe, wewe utabaki. Ukikatika, utashuka na wenzako."

Chuma chetu kilitoka katika mchanga mweusi tuliouchota mtoni sisi wanawake. Tanuri lilitoa bonge lenye matundu matundu, na kazi ya nyundo ilikuwa kulibana hadi matundu yazibe. Mume wangu, kwa hasira, alilitwanga upande mmoja tu. Mtaimbo wa kwanza ukamkatikia mikononi. Ndani ulikuwa mapengo matupu.

Mwanamke hasogelei kiwanda cha mhunzi, kwa hiyo nilimwita jikoni. Nikashindilia unga wa mtama kwa mti ndani ya kipande cha mwanzi, kisha nikaupasua mwanzi kwa panga. Juu, nilipogandamiza, unga ulishikamana. Chini ulimwagika.

"Unga si chuma, wee mwanamke!"

"Na kichwa chako si fuawe, lakini ni kigumu vilevile. Ligeuze lile bonge! Anza polepole, kila upande, ndipo ulipige kwa nguvu."

Alinuna, hakula. Kesho yake nikasikia nyundo imebadilika, inagonga kidogo kidogo, inatulia, inagonga tena. Nikafurahi peke yangu huku namtukana.

Akida akarudi.

"Shikamoo, bwana akida," mume wangu alisema.

Akida alinyoosha kidole kwenye mtaimbo. Askari wake mmoja akauchomeka mtaimbo huo mpya chini ya mwamba, akaulalia kwa uzito wake wote. Mwamba uling'oka, mtaimbo haukupinda hata kidogo. Nikapiga kigelegele, mpumbavu mimi.

Akida aliugeuza mtaimbo mkononi, akiukagua.

"Kule relini mitaimbo inatukatikia kila siku. Mkono kama huu haukai mlimani. Mfungeni."

"Uliahidi!" nilipiga kelele.

"Niliahidi kabla sijaiona kazi yake."

Majirani waliokwenda kuvunja mawe walirudi mvua zilipoanza. Wangu hakurudi. Walisema fundi mzuri haruhusiwi kuondoka.

Ule mwanzi uliopasuka ulikuwa bado jikoni. Niliutia motoni, nikapikia.