Ijumaa Tuda Alipokataa Kula

Tuda hakuwa mtu wa kupendeka, wala hakuona sababu ya kupendeka. Hoteli yake ya vyumba saba ilikuwa ya udongo mtupu, pembeni mwa mitende ya Tamrart, pale kijiji kinapokwisha na changarawe za jangwa zinapoanza. Mgeni akifika na kuuliza bwawa la kuogelea liko wapi, Tuda alimwonyesha ndoo. Mgeni akiwapiga wanawake picha bila kuomba ruhusa, aliondoka asubuhi hiyo hiyo na mkate mkononi, maana Tuda alikuwa mkali lakini hakumfukuza mtu na njaa. Maji yaliyokwisha kuogewa yalikwenda kwenye nanaa, mabaki ya sahani kwa mbuzi, na wanawake waliofuma mazulia ya vyumbani walitajwa kwa majina yao kila mgeni alipoyakanyaga. Wageni wengine walinuna. Wengine walirudi kila mwaka.

Kilichomkondesha ni maji. Bustani yake ndiyo iliyoilisha hoteli nzima, nayo ilinywa kwa zamu aliyoachiwa na marehemu mumewe, Haddu: kila Jumanne, tangu jua kuchomoza hadi kivuli cha mnara wa msikiti kiguse ukuta wa ghala. Maji yalitoka mlimani kwa mfereji wa chini ya ardhi uliochimbwa na mababu, na kila familia ilikuwa na siku yake. Mwaka huo yalipungua wiki hadi wiki, mpaka figili zikalala chini. Bila zamu ile hakuna bustani, na bila bustani Tuda angefunga mlango akafulie watu nguo mjini.

Kila mtu alijua maji yanakwenda wapi. Zayd, mdogo wake Haddu, alikuwa amerudi kutoka Ufaransa na hela na kitambi, akajenga hoteli ya ghorofa tatu juu ya kijiji, yenye bwawa la kuogelea. Ili kulijaza, akachimba kisima cha pampu jirani kabisa na mfereji. Vijana wa kijiji aliwavisha vilemba vya Watuareg, wale wahamaji wa jangwani, wawachezee wageni ngoma, ingawa hata Mtuareg wa karibu zaidi yuko mbali safari ya wiki nzima. Baba zao waliona yote hayo wakanyamaza. Mtu ana kijana anayelipwa pale, aseme nini? Kimya hicho kilimchefua Tuda kuliko pampu yenyewe.

Akaenda kwenye baraza la kijiji, mwanamke peke yake kati ya majoho ya sufu.

"Nendeni mkapime kisima cha Zayd," akawaambia.

"Tuda, binti yangu," alianza mzee Basu, mkuu wa baraza, "mambo ya familia mngeyamaliza nyumbani..."

"Familia gani? Anawakaushia mfereji wenu, mnaniambia familia! Kamba mnayo, au nikawaletee yangu ya kuanikia nguo?"

Wakaenda shingo upande. Sheria ya wazee ilitaka kisima kikae hatua mia mbili kutoka kwenye mfereji. Kamba ikatoa arobaini. Hapakuwa na la kubishania, na adhabu ilijulikana: mwenye kosa la maji hulilisha baraza zima.

Zayd alicheka mpaka akashika tumbo. "Kulisha tu? Shemeji, si ungesema tangu zamani kwamba una njaa! Njooni Ijumaa, wote. Nachinja kondoo watatu."

"Na pampu?" Tuda akauliza.

"Pampu haijahukumiwa. Nimeambiwa nilishe, nalisha."

Basu akaanza kuikunja kamba.

Zayd aliondoka Tamrart akiwa na miaka kumi na miwili. Karamu za faini alizikumbuka vizuri, wanaume wakila na watoto wakingoja mifupa. Asichokumbuka, kwa kuwa watoto hawatazami hayo, ni nani aliyekuwa akianza kula.

Ijumaa baada ya sala, masinia ya kuskusi yakapangwa kando ya bwawa, yakifuka moshi, nyama na maboga juu yake. Wanaume wakanawa, wakakunja mikono ya majoho. Tuda akaja na mtandio wake mweusi uliotariziwa, akaketi kwenye sinia la Basu. Wote wakamtazama.

"Bismillahi, kuleni jamani," Zayd akasema. Hakuna aliyenyoosha mkono. "Mbona mnatazamana? Kinapoa!"

"Anaanza aliyedhulumiwa," Basu akasema kwa sauti ya chini. "Akionja, kosa limefutika. Asipoonja, hakuna anayekula, kosa linabaki, na Ijumaa ijayo unapika mara mbili ya leo. Hivyo hivyo mpaka aonje."

"Upuuzi wa wapi huo?"

"Wa hapa. Wa baba yako."

Zayd akajikaza kutabasamu. "Shemeji, karibu basi. Nyama laini hii, hata kwa vijino ulivyobakiwa navyo."

"Vinanitosha. Fukia kisima."

"Nini?"

"Umeshakuwa kiziwi? Fukia kisima, nitakula."

Zayd akafura. "Basi kesho watoto wenu wote warudi nyumbani! Wote! Tuone mtawalisha nini!"

Macho ya wanaume yakatoka kwenye nyama yakahamia kwa Tuda, na yalikuwa macho ya chuki. Aliogopa, tena sana. Alitamani Haddu angekuwa hai, walau chuki ile waigawane.

"Onja kidogo tu, Tuda," jirani mmoja akamsihi. "Mwanangu anaoa mwezi ujao."

"Aoe. Na bibi harusi mtamwogesha kwa maji gani? Kwa mate yako?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Basu akalitazama bwawa lililojaa maji ya mfereji wao. Kisha akainuka, akafunga joho kiunoni, akaokota jiwe kwenye lundo lililobaki la ujenzi, akaelekea kisimani. Wa pili akamfuata, kisha watano, kisha wote. Walimtukana Zayd, wakamtukana Tuda, wakatukanana wenyewe kwa wenyewe, lakini pampu ilitolewa na mawe yakaingia. Adhana ya alasiri iliwakuta kisima kimejaa hadi mdomoni.

Tuda akafinyanga tonge kwa vidole vitatu, akatafuna taratibu.

"Chumvi imezidi," akasema.

Zayd akamnyooshea kidole. "Kuanzia leo sikusalimii mpaka naingia kaburini."

"Salamu zako hazijawahi kumwagilia figili."

Akafuta vidole, akateremka kijijini. Nyuma yake wanaume walikula kuskusi iliyopoa bila kusema neno. Jumanne iliyofuata aliwasalimu wote aliopishana nao njiani kwenda bustanini, na hakuna hata mmoja aliyemwitikia. Akazibua mlango wa maji kwa jembe, maji yakatiririka hadi kwenye figili, akasimama peke yake kwenye matope.