Nilimkatisha mama wa watu bangili zake, kumbe kosa lilikuwa langu

Ndugu zangu, nimekosa. Naanza na neno hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana, na ndiko kulikonifikisha hapa. Nilimdanganya mama mtu mzima mbele ya mwanawe, na mpaka leo sijawaambia ukweli. Nyie ndio wa kwanza kuusikia.

Nina studio Katesh. Studio jina tu, ni chumba kimoja nilichobandika magodoro ukutani. Kwaya nyingi za huku zimerekodi kwangu, watu wakaanza kuniita fundi, na kichwa kikavimba.

Asubuhi moja akaja mwalimu wa shule ya msingi na mama yake, kutoka kijiji cha Dirma. Mwalimu anapiga gitaa la umeme. Mama yake anaimba nyimbo za Kibarbaig za kusifia ng'ombe, zile za zamani ambazo wanaozijua wamebaki wachache, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Mwalimu akaniambia, "Fundi, nataka wajukuu wake waje wamsikie hata siku akiwa hayupo." Hicho tu ndicho walichofuata kwangu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake ni kidogo, lakini hilo mwanangu alilisema vizuri.

Nikaunganisha amplifaya ya gitaa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, halafu mikisa kwenye kompyuta. Nikavaa hedifoni. Vuuuuuu! Mlio mzito, kama nyuki wameingia kwenye pipa. Nikabadilisha waya. Vuuuuuu! Nikapunguza sauti, gitaa likapotea pamoja na mlio. Nikaongeza, vikarudi vyote viwili. Mwalimu akishika nyuzi mlio unapungua, akiziachia unapanda. Saa nzima ikapita hivyo, mama kakaa kwenye kiti, wala halalamiki.

"Fundi, kuna shida?"

"Hamna shida Mwalimu, vitu vidogo tu."

Vidogo! Nilikuwa sijui hata nianzie wapi, na jasho linanitoka.

Sasa nikaona kitu. Kila Mwalimu alipogeuka kumwangalia mama yake, mlio ulipanda. Akinigeukia mimi, unashuka. Leo najua gitaa lilikuwa linazidisha tu mvumo uliokuwepo tayari: upande ule ndiko ilikokuwa amplifaya, na likielekezwa huko linaunasa zaidi. Lakini siku ile macho yangu yalimwona mama, yakaona na mikono yake. Alikuwa amevaa bangili za shaba toka kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko.

"Ni hizo shaba," nikasema, bila hata kumeza mate. "Zinavuta umeme. Inabidi avue."

Mwalimu akaitazama ile mikono. "Fundi, hizo alivishwa na mama yake siku anaolewa. Hazijawahi kutoka. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Jamani, ulimi huu! Wakaongea kwa lugha yao kwa muda. Mwishoni mama akauliza swali moja, Mwalimu akanitafsiria: "Anauliza, akizitoa, wajukuu watamsikia vizuri?"

Nikasema watamsikia vizuri sana.

Hazikuvulika. Tukamwita fundi baiskeli wa hapo nje, akaja na msumeno wa chuma. Tukapitisha kitambaa chini ya bangili ili asimkwaruze, akakata moja moja. Mama aligeuzia uso ukutani muda wote. Ngozi iliyokuwa chini ya zile bangili ilikuwa imepauka, laini kama ya mtoto. Mwalimu akavifunga vile vipande kwenye kitambaa kile kile, akaviweka kwenye begi lake.

Nikavaa tena hedifoni. Vuuuuuu! Ule ule!

Nikainama chini ya meza, najifanya nakagua waya, kumbe nakimbia macho yao. Na huko huko chini ndiko nilikoona. Chumba changu kina soketi moja tu nzima, na amplifaya ilikuwa pale. Kompyuta na mikisa nilikuwa nimevivutia ekstensheni kutoka saluni ya jirani, mita nyingine kabisa! Vyombo vimeunganishwa kwa waya mmoja wa sauti, halafu kila kimoja kinakula umeme wa nyumba yake. Mvumo unapita hapo hapo. Nikachomoa ile ya saluni, nikachomeka vyote sehemu moja.

Kimya. Kimya kabisa.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja lingetosha. Nikainuka, nikapangusa magoti, nikasema, "Mnaona? Si niliwaambia?"

Mwalimu akanishukuru. Akanipa mkono!

Mama akasogea kwenye maikrofoni. Akaanza kuimba, akapiga mikono, akasimama. Akaanza tena, akasimama tena. Akaitazama mikono yake, akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema hapati pa kukanyaga," Mwalimu akatafsiri.

Kumbe bangili zile ndizo zilikuwa ngoma yake! Anaimba huku anazigonganisha, tangu akiwa bibi harusi. Nikampa kopo la maziwa apigie. Kopo! Akaimba nusu wimbo, akasema amechoka, anaomba arudi nyumbani.

Nusu wimbo huo ninao kwenye kompyuta. Ni safi, hauna mlio hata chembe. Nimeshindwa kuusikiliza.

Tangu siku ile situlii. Nashika simu nimpigie Mwalimu, naiweka chini. Nafika mpaka stendi nipande gari la Dirma, nanunua karanga, narudi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu inazidi kurefuka, kwa sababu wiki iliyopita walikuja wamama wawili kutoka kule kule, nao wanataka kurekodi. Nikawaamkia, wakaitikia, nikaangalia mikono yao. Mitupu! Ina alama tu.

Mkubwa wao akacheka kwa furaha. "Mwenzetu ametuambia mashine yako haipendi shaba. Tumekata huko huko nyumbani, tusikusumbue."

Tusikusumbue! Nikawasha mashine. Nikawarekodi.

Wewe fundi mwenzangu unayesoma hapa, nakuomba: mlio ukikushinda, sema umekushinda. Chomoa vyako kwanza, vyote, kabla hujamwambia mtu avue cha kwake. Aibu ya kusema sijui inaisha kabla chai haijapoa. Na kama umeshasema uongo, usiulaze hata siku moja, maana ukiamka unakuta umeshatembea vijiji vitatu.

Jana Mwalimu amenitumia ujumbe. Jumamosi wanakuja wamama wengine wanne, na anasema nisiwe na wasiwasi, watafika wakiwa tayari.