Maneno Kwenye Bomba la Buhemba

Wankyo alikuwa mpiga redio wa polisi pale Musoma, enzi zile ujumbe ulipopelekwa kwa nukta na vistari. Mwanawe wa pekee, Evance, alimfundisha Kiingereza kwa njia hiyohiyo: mama anataja neno, mtoto analigonga mezani kwa kijiko, pigo moja kwa nukta, mawili ya harakaharaka kwa kistari.

Akiwa amekwisha kustaafu, simu kutoka Buhemba ilimkuta nyumbani Mukendo akichambua dagaa. Shimo la dhahabu alimokuwa akichimba Evance lilikuwa limetitia, naye yumo ndani na mwenzake, Ngolo.

Alipofika, watu walikuwa wanafukua. Kwenye bomba la chuma la kupeleka hewa kulisikika kugonga.

"Wanatujulisha wako hai tu, mama," msimamizi, Mugeta, alimwambia.

Wankyo akapiga magoti, akaweka sikio kwenye chuma. "Water," akasema. "Wanataka maji."

Wakateremsha maji kwa bomba hilohilo. Akaokota jiwe, akagonga kuuliza hali. Likaja neno leg, kisha stone. "Mwamba umemlalia miguuni," akatafsiri, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea taarifa za wizi wa ng'ombe.

Jioni bomba likagonga tena: go home mama.

"Anasemaje?" Mugeta aliuliza.

"Anasema niende nyumbani."

Aligonga no, akabaki palepale. Hakujibiwa.

Asubuhi Ngolo alitolewa akiwa hai. Evance alikuwa ameshafariki.

"Mama, aliyekuwa anagonga ni mimi," Ngolo alisema, amejifunika blanketi. "Yeye mikono ilikuwa haifiki kwenye bomba. Alikuwa ananitajia tu, moja, mbili, moja, na mimi nagonga. Maana yake sikuwa naijua."

"Uligonga vizuri."

"Ile ya mwisho ilikuwa inasemaje?"

Akamwambia. Ngolo akalia, Wankyo akamshikia kikombe cha uji mpaka akamaliza.

Walimzika Evance Butiama, kwa baba yake. Watu walingoja mama alie. Yeye akawa anauliza kama wageni wa Bunda wamepata chakula.

Mdogo wake, Nyangi, alihamia Mukendo kukaa naye. Siku moja wakifua, akamuuliza, "Dada, unaumia?"

"Sijui," Wankyo alisema. "Sijasikia kitu bado."

Nyangi akachukua shuka lililobaki, wakashika kila mtu ncha yake, wakalikamua.